Silinda ya Tatu ya Gitare

Jumapili, 10 Agosti 2025

Silvère amenipa ng'ombe leo. Ng'ombe wa magurudumu manne: ile pikapu yake ya Toyota, ya kabureta, nyeupe kama maziwa yaliyoanza kuganda. Anaitwa Gitare, jina la ng'ombe mweupe. Alipewa jina hilo Bujumbura, na ndiye aliyemleta Silvère nyumbani Rwanda pamoja na mkewe Alida, watoto, magodoro na cherehani.

Sikutarajia. Nilidhani tumeitwa kula tu, mimi na binti yangu Gaju. Tulipokwisha kunawa, Silvère alisimama akishika ukingo wa meza, maana macho yake sasa yanaona ukungu mtupu. Majirani wawili walikuwapo. Kumbe waliitwa kuwa mashahidi.

"Bayingana, miye macho yamekwisha. Sitaendesha tena. Ile gari nakupatia. Nakupatia kama ng'ombe, si kama gari."

Nilisimama pia. Mtu hapokei ng'ombe akiwa ameketi.

Najua uzito wa neno hilo. Ng'ombe wa urafiki hauzwi. Hachinjwi kabla aliyemtoa hajaambiwa. Akifa, unakwenda mwenyewe kwa mtoaji na ngozi yake mkononi, unampa habari ya msiba, ili ajue kwamba alikufa kweli na hukumfanyia hila. Silvère aliongeza sharti moja: injini haijapata kufunguliwa tangu itoke kiwandani. "Ikiugua, uniambie mbele ya kufungua tumbo lake." Nikaahidi mbele ya wale majirani.

Mwanawe Achille, aliye Ubelgiji, alitaka liuzwe kwa chuma chakavu. Anasema lilikufa zamani. "Anaona maiti toka Ubelgiji," Silvère akasema. "Macho yake ni mazuri kuliko yangu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana.

Gaju aliendesha kurudi nyumbani Ndera.  Kwenye kilima cha mwisho akabadilisha gia mara mbili, akasema: "Papa, iko na pumzi fupi."

Nikamwambia asimseme mgeni siku ya kwanza.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Kimisagara, gereji ya Cyusa. Gaju ndiye aliyeichagua. Anahitaji gari la kupelekea uyoga na nyanya kwenye mikahawa ya Biryogo. Kwa sasa anategemea magari ya watu, na uyoga haungojei mtu. Amekwisha kupoteza mkahawa mmoja kwa kuchelewa.

Cyusa ni kijana wa watu waliokulia Tanzania, kama mimi. Alijifunza ufundi Dar es Salaam, akarudi mwaka jana. Kiswahili chake kimenyooka na gereji yake imefagiliwa. Niliona spana zimepangwa kwa ukubwa. Nikampenda kabla hajasema neno.

Kisha akasema neno.

Alitoa plagi zote nne. Akachomeka geji ya kompresheni kwenye tundu la kwanza, akazungusha injini kwa stata, sindano ikapanda. Tundu la pili vivyo hivyo. Alikuwa akinong'ona namba. Kwa hesabu aliyofundishwa, injini hii inapaswa kufika kumi na mbili. Silinda tatu zilisimama kwenye tisa na ushei. Moja, ile ya tatu kwa mpangilio, ilifika nane tu.

"Mzee wangu, sikufichi. Hii imekwenda na maji. Si silinda moja, ni zote. Tafuta injini nyingine."

Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema namba hazina ndugu.

Gaju aliweka mkono juu ya boneti na kuuacha hapo.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimeamua. Ijumaa ni sikukuu, Silvère atakuwa nyumbani baada ya misa. Nitakwenda kumpa habari ya kifo. Ni aibu kumwachia mtu aendelee kuuliza afya ya ng'ombe aliyekufa.

Lakini ni habari gani hiyo! Ng'ombe kafa baada ya siku mbili. Atakayecheka wa kwanza ni Achille kwenye simu. Na mashahidi watajua kwamba rafiki yangu, mbele yao, alinipa mzoga.

Gaju aliuliza, bila dhihaka nadhani, nitapeleka nini badala ya ngozi. "Utamubebea boneti, Papa?"

 

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Ni lazima niandike haya vizuri.

Asubuhi Gaju alitaka turudi Kimisagara. Nilidhani anataka kuchukua gari. Alipofika hakusalimu sana. Alimwuliza Cyusa swali moja: hiyo geji aliwahi kuipima kwenye gari zima?

Cyusa akasema geji haina tatizo, ameinunua yeye mwenyewe.

"Sijasema iko na tatizo. Nasema pima gari yenye tunajua iko sawa."

Shyaka, dereva wa teksi, alikuwa amekuja kubadilisha oili. Corolla yake ni mpya kiasi, inapanda mlima wa Nyamirambo na abiria wanne bila kunung'unika. Alikataa kwanza. Akasema gari lake halijalazwa hospitali, kwa nini lichomwe sindano. Gaju akamwambia ni damu kidogo tu ya kulinganisha. Akakubali akicheka.

Silinda ya kwanza: kumi. Ya pili: kumi. Ya tatu na ya nne: kumi.

Cyusa alitazama geji kwa muda mrefu. Kisha akakaa juu ya tairi. Nilimwona akielewa, ni jambo zuri kulishuhudia usoni mwa mtu. Dar ipo usawa wa bahari na hewa yake ni nzito. Sisi tuko juu ya milima na hewa yetu ni nyepesi. Injini nzima inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, geji inasoma chini. Si ugonjwa, ni mahali.

"Nimebeba namba za pwani mpaka huku," akasema. "Mzee, nisamehe. Nimemwua ng'ombe wako kwa hewa ya Kariakoo."

Ningeweza kumkaripia. Nilifundisha darasani karibu maisha yangu yote na sijaona wengi wanaokiri kosa kwa haraka hivyo bila kulitafutia kosa hilo mwenyewe mwingine. Nilimwambia ainuke.

Kwa hiyo Gitare hajafa. Lakini ile nane ya silinda ya tatu bado ni nane. Hata kwa hewa yetu iko chini ya wenzake.

Na mimi kesho ningekwenda kutangaza msiba wa aliye hai.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Asomsiyo, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Chakula kwa Silvère. Sikutangaza lolote.

Alida alitupa ndizi kwa samaki wa ziwani. Silvère aliuliza kabla sijakaa: "Ng'ombe iko inakula?"

Nikasema anakula, lakini tunampima kwanza, kama mgeni yeyote zizini.

"Inakohoa," Alida akasema kutoka jikoni.

"Haikohoi."

"Inakohoa, shemeji. Tangu zamani. Ukisimama nyuma yake asubuhi, utaisikia. Miye nilimwambia huyu. Akasema ni masikio yangu."

"Ni masikio yako," Silvère akasema, na akabadilisha mazungumzo.

Achille alipiga simu. Silvère huweka sauti kubwa kwa sababu haoni vitufe, kwa hiyo tulisikia sote. Kijana aliuliza kama lile gari la chuma chakavu limekwisha kuondolewa uani. Silvère alijibu kwa Kifaransa, kwa upole, kwamba liko kwa Bayingana na linaheshimiwa. Kisha akageuza uso kuelekea nilipokuwa, akangoja nithibitishe.

"Linaheshimiwa," nikasema.

Ni kweli. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba sikumwambia neno lolote juu ya ile nane ya silinda ya tatu.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Cyusa amepiga simu. Siku mbili hizi alikuwa akiwatafuta wateja wawili aliowaambia mwaka huu kwamba injini zao zimekwisha. Mmoja alikuwa bado hajafanya kitu, amepona. Wa pili alikwisha kubadilisha injini. Cyusa alimweleza ukweli usoni. Mtu huyo alimfokea mbele ya watu, kisha akamwuliza kama bado anapima breki.

Nampongeza. Nilimwambia hivyo, akaona haya.

Anasema tunahitaji kipimo kingine. Geji ya kompresheni inakuambia kwamba kuna hasara, haikuambii mlango ulioachwa wazi. Kipo kipimo cha uvujaji. Hakingoji injini ivute hewa yake yenyewe. Kinaingiza hewa ya kompresa ndani ya silinda iliyofungwa, kisha kinaonyesha kiasi gani kimepotea. Pwani au mlimani, ni mamoja. Na hewa inayotoroka hutoa sauti, kwa hiyo unafuata sauti hadi ilipo njia yake.

Hana kipimo hicho. Alikiona kwa fundi wake mkuu Dar, hakuruhusiwa kukigusa.

Gaju amesema tutakinunua, kitakaa gerejini kwa Cyusa, na Cyusa atampima Gitare nacho. Sikupinga. Nilipenda neno lile, *kilichopotea*. Vipimo vingi vinahesabu kilichopo.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Tumenunua kipimo. Lakini kununua kwenyewe! Ningependa baadhi ya maofisa wa elimu niliowahi kufanya nao kazi wamwone binti yangu akichagua kitu.

Duka la vipuri mjini, la Rodney, mtu mnene aliyekulia Kampala, mcheshi. Mimi, Gaju, Cyusa. Rodney alitoa vipimo vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kina geji moja, na uso wake una rangi tu: kijani, njano, nyekundu. Kinapendeza. Cyusa alikipenda. Gaju akauliza kijani ni asilimia ngapi. Rodney akasema kijani ni kijani, madamu, hata taa za barabarani haziandiki asilimia. Gaju akakisukuma kando. Alisema rangi hiyo ilipakwa na mtu ambaye hajui injini yetu ni ipi. Halafu kipimo kikiwa na geji moja, kompresa ikichoka katikati, sindano itashuka, nawe utadhani ni silinda.

Nilielewa papo hapo, na nilifurahi kuelewa. Geji mbili: ya kwanza inasema ulichotoa, ya pili inasema kilichobaki. Bila ya kwanza, ya pili ni uvumi.

Vikabaki viwili, vyote vya geji mbili. Kimoja kinang'aa, kiko ndani ya sanduku la plastiki jekundu. Kingine hakina mvuto, kitasa chake cha kurekebishia hewa ni cha shaba, sanduku lake limebonyea. Gaju aliomba kujaribu. Rodney akasema hakuna kompresa. Gaju akasema fundi matairi jirani anayo, ameiona alipokuwa akiingia.

Tukatoka sote, Rodney nyuma yetu na masanduku yake kama mtu anayehama. Fundi matairi alitupa mpira wa hewa. Gaju aliunganisha kile kinachong'aa bila kukiunganisha na kitu chochote mbele. Mdomo wake wa mbele hujifunga wenyewe. Akaweka sindano mahali anapotaka, akaondoa mkono. Tukangoja. Sindano ikaanza kupanda. Pole pole, bila kuguswa na mtu.

"Inapanda kidogo tu," Rodney akasema.

"Hakuna mtu ameigusa."

"Madamu, hii ni kununua ama ni kuchumbia?"

"Ingekuwa ni kuchumbia, ningekuwa nimemaliza."

Fundi matairi alicheka mpaka akaacha kazi. Gaju akaunganisha cha pili, kile chenye sanduku bovu. Akaweka sindano. Akaondoa mkono. Ikakaa. Geji zote mbili zikasema namba ile ile, kama mashahidi wawili wa kweli. Tulisimama pale mpaka hata Rodney akanyamaza. Haikutikisika.

Bado hakulipa. Alifungua mkoba wake, akatoa plagi ya zamani ya Gitare iliyofungwa kwenye leso, akailinganisha uzi kwa uzi na mdomo wa mpira wa kipimo. Nyuzi zikalingana. Ndipo akasema: "Hii."

Cyusa alinipa kijikaratasi cha maelekezo nikisome nyumbani. Kimeandikwa na mtu asiyeogopa makosa. Nimekiandika upya, ukurasa mmoja, Kiswahili safi, nitakibandika ukutani kwa Cyusa.

Jumatano, 27 Agosti 2025

Siku ya kupima. Jua kali, vumbi la Agosti, kila kitu Kimisagara kina rangi ya tofali.

Cyusa alipasha injini moto kwanza. Akaizima, akatoa plagi, akachomeka mrija wa soda kwenye tundu la silinda ya kwanza. Akazungusha injini kwa spana, pole pole. Mrija ukapanda pamoja na pistoni, ukasimama juu kabisa. Akatia gia ya nne, akavuta breki ya mkono, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akaniomba nisimame mbali: hewa ikiingia inaweza kuisukuma pistoni, na spana iliyosahauliwa huruka.

Gaju akaunganisha kipimo. Akafungua hewa.

Sindano ya pili ikaanguka. Ikaenda chini moja kwa moja, hasara ya asilimia tisini, hewa ikipiga kelele huku na huku.  Nikafikiria uso wa Silvère ukigeuka kunitafuta.

Gaju hakushtuka. Alifunga hewa, akainama, akafikiri. "Cyusa, pistoni iko juu, lakini milango iko wazi. Inatoa moshi, haijabana."

Cyusa akajipiga paji la uso. Pistoni hufika juu mara mbili: mara ya kwanza ikibana hewa, milango yote, yaani valvu, imefungwa, mara ya pili ikiusukuma moshi nje, mlango upo wazi. Tulipima mara isiyofaa. Kosa hilo limo kwenye ukurasa wangu ukutani, mstari wa tatu. Tulikuwa tumeusoma sote.

Akatoa gia, akarudisha mrija, akazungusha injini mzunguko mmoja kamili. Mrija ukashuka, ukapanda tena, gia na kipimo vikarudi. Hewa.

Nane.

Asilimia nane tu imepotea! Injini iliyovuka mpaka na magodoro. Nilijikuta nimevua kofia.

Wakaenda kwa mpangilio wa moto wa injini: moja, tatu, nne, mbili. Iliyofuata ilikuwa ya tatu. Gaju akafungua hewa, sindano ikateremka, ikapita kumi, ikapita ishirini, ikapita thelathini. Ikasimama arobaini na mbili.

 Cyusa akapima ya nne: kumi. Ya pili: tisa. Akarudi ya tatu kwa kuhakikisha. Arobaini na mbili.

Sasa sauti. Hii ndiyo sehemu iliyonivutia kuliko zote. Gaju aliweka sikio kwenye kabureta: kimya, kwa hiyo mlango wa kuingizia hewa ni mzima. Akafungua kifuniko cha oili: pumzi ndogo tu, sawa na za silinda nyingine, kwa hiyo ringi za pistoni zinashika. Akatazama maji ya rejeta: hakuna povu, gasketi ni nzima. Kisha akaenda nyuma ya gari. Alichukua kipande cha mpira, ncha moja ndani ya bomba la moshi, ncha nyingine sikioni. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama daktari aliyekipata alichokuwa akikitafuta. Akanipa mpira.

Nilisikia. Kama mtu anayepuliza chai yake asitake wenzake wasikie.

Alida alikuwa sahihi. Anakohoa.

Cyusa alieleza. Ni valvu ya kutolea moshi, silinda ya tatu, haikai vizuri mahali pake. Huenda ni punje ya masizi tu imekwama chini yake. Ukifungua mfuniko wa juu na kuigonga valvu kidogo kwa mpini wa mbao, punje inaruka na mlango unafunga. Huenda valvu imeungua. Basi kichwa cha injini kitashuka, kazi kubwa, lakini si kifo. Hawezi kujua bila kufungua.

"Nifungue mfuniko tu, mzee. Boliti chache."

Nikasema hapana.

"Papa, ni mfuniko."

"Ni tumbo."

Gaju alinitazama. Ana uyoga wa keshokutwa na hana gari. Mkahawa wa pili umekwisha kumwonya. Alikuwa na haki ya kusema maneno makali, na niliyaona yakija. Hakuyasema. Alikunja mpira wa kipimo, akaufuta, akauweka ndani ya sanduku lake bovu, akafunga.

Alipokwisha alisema: "Basi umuambie. Lakini umuambie kweli yote. Na ya Mama Alida pia."

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Nimempigia Silvère. Sikusema kwenye simu. Habari ya ng'ombe haipitishwi hewani. Nimemwomba aje Kimisagara Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi.

Akauliza swali moja tu. "Imekufa?"

"Hajafa."

"Basi nitakuja."

Nyuma yake nikamsikia Alida akiuliza kama ni kikohozi. Simu ikakatika.

Sijui atafanya nini. Anaweza kukataa isifunguliwe. Ni haki yake, niliahidi. Gari litakaa uani kwangu zima, zuri, haliwezi kupanda mlima na mzigo, na Gaju atampoteza mteja wa pili. Au anaweza kusikia neno moja tu, *ugonjwa*, na kuamini kwamba mwanawe alikuwa sahihi tangu mwanzo. Hilo ndilo linaloniogopesha. Macho yamekwenda, sitaki niwe mimi wa kuondoa kingine.

Nimefanya mazoezi ya jinsi ya kumwambia. Kila sentensi inasikika kama ya mazishini.

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Naandika nikiwa gerejini, juu ya kigoda cha Cyusa. Bado hatujamaliza.

Walikuja saa tano na ushei, jembe la umuganda la Alida bado kwenye teksi ya Shyaka. Silvère alikuwa amevaa koti la misa. Alida alimshika mkono hadi kwenye boneti, hapo akamwachia, naye akalipapasa gari lote kwa viganja, taa, mlango, kona iliyobonyea. Cyusa alimwamkia shikamoo. Silvère akamjibu marahaba, akauliza kama ndiye daktari.

"Ndiye aliyesema amekufa," nikasema. "Na ndiye aliyekuja kusema amekosea."

Sikuwa nimepanga kuanza hivyo. Lakini ilikuwa kweli yote, kama Gaju alivyotaka. Nikaendelea: namba za pwani, Corolla ya Shyaka, geji mbili, nane, kumi, tisa. Nilimwambia silinda tatu ni nzima kuliko za magari mengi yaliyozaliwa juzi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila namba. Kisha nikamwambia ya tatu.

Akaacha kuitikia.

"Arobaini na mbili," akarudia.

"Inatoka nyuma. Kwenye bomba."

"Inakohoa," Alida akasema. Hakusema kwa kushangilia. Alisema polepole, akimwekea mkono mgongoni.

 Silvère aliuliza kama anaweza kusikia mwenyewe. Gaju alikuwa amekwisha kuandaa: silinda ya tatu juu, milango imefungwa, gia, breki, jiwe. Akafungua hewa. Silvère alitaka kupiga magoti, Alida akasema suruali ya misa, yeye akapiga magoti. Gaju akampa mpira, Silvère akauondoa, akasema bila kifaa anasikia vizuri zaidi. Akaweka sikio lenyewe karibu na bomba.

Bado yuko hapo.

Gaju amefunga hewa mara mbili akidhani ametosheka. Mara zote mbili Silvère ameinua kidole: tena. Mafundi wa gereji ya jirani wameacha kugonga bati. Sijui nani aliwaambia. Simu yake imelia mfukoni, Alida ameitoa, ametazama jina la Achille, ameizima. Cyusa ameketi juu ya tairi lake. Ameweka spana zake mstari mmoja chini, kwa ukubwa, hajazigusa. Sikumwambia asiziguse.

Nilitaka kusema jambo. Gaju akanitikisia kichwa kwamba ningoje.

Sasa Silvère amefumba macho yale yasiyoona. Midomo yake inacheza. Nimesogeza kigoda. Anamwongelesha Gitare kwa Kirundi, yale maneno ya kumtuliza ng'ombe mguu wake unaposhikwa.

"Alida," amesema bila kuinuka. "Nishikie koti."

Amelivua akiwa bado amepiga magoti. Amenyoosha mkono nyuma yake, kiganja juu, vidole wazi, hauelekei kwa yeyote.

Cyusa ananitazama. Mzee anaomba spana, na mimi sijui ni ukubwa gani. Gaju ameinama kwenye mstari wa spana, amechukua ile ya kumi, ameifuta vumbi kwa leso iliyobeba plagi, na anamwendea Silvère kumwekea kiganjani ile spana ya boliti za mfuniko.